Black Panther Namba 1 Tena? Mara ya Ngapi Hii!

Wadau, kuna staa mmoja wa mjini, jina namhifadhi, kila Marvel wakimrudisha Black Panther na toleo namba 1 anatuamsha na posti ile ile: Afrika imepata shujaa wake, historia imeandikwa. Historia gani jamani? Hiyo namba 1 tumeshaiona mara ngapi?

Hebu hesabu na mimi. T'Challa katokea mara ya kwanza 1966, kwenye toleo la 52 la Fantastic Four, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Namba 1 yake mwenyewe ikaja 1977. Halafu ikaja tena 1998, 2005, 2009, 2016, 2018, 2021 na 2023, na hapo sijaweka ule mfululizo mfupi wa 1988. Mtoto aliyeanza la kwanza na ile ya Ta-Nehisi Coates ya 2016, hajamaliza la saba shujaa kashaanza upya mara mbili!

Sababu haijifichi. Namba 1 inauza. Wakusanyaji wanainunua wakiamini itapanda bei, na msomaji mgeni haogopi kuingia. Marvel siwalaumu, duka ni lao. Namlaumu huyu wetu anayewapigia debe bure.

Mtasema Coates ni mweusi, John Ridley mweusi, Eve Ewing mweusi, na ile filamu ya 2018 ilitukosha. Kweli, hata mimi ilinikosha. Lakini njooni huku Mbozi Mission tuongee vizuri.

Utajiri wa Wakanda umetoka wapi? Kwenye kimondo. Madini yameshuka kutoka angani, watu wakajua kuyafua. Sasa hapa hapa wilayani Mbozi, pale Ndolezi, kipo kimondo cha ukweli, tani kama 16, karibu chote chuma, na nikeli kidogo. Shimo la kilipoangukia halionekani, wala hakuna simulizi ya wazee kukiona kikishuka. Mwandishi mwenye akili hapo kashapata kurasa tatu za mwanzo. Na Wanyiha walikuwa wanayeyusha chuma chao wenyewe na kufua majembe, zamani sana kabla Stan Lee hajazaliwa. Hao mafundi hawakubuniwa New York.

Na msiniambie Mbongo hawezi katuni. Wazazi wenu waliigombania Sani kwa ajili ya Madenge na Ndumilakuwili. Hawakuruka angani wala kuvaa suti ya kubana, ila mtaa mzima uliwajua.

Sasa kilichoniudhi. Kuna dogo huku anachora shujaa anayetoka ndani ya kimondo usiku. Daftari la mistari, kalamu ya bluu, lakini mkono anao, wallahi. Kapiga picha kurasa kumi, kamtumia staa wetu. Kajibiwa kimoto kimoja, basi. Siku hiyo hiyo staa kaposti jalada la Marvel mara tatu. Hakulipwa hata mia! Posti moja tu ya kwake ingempatia dogo wasomaji ambao hapa hata akigawa daftari mkono kwa mkono mwaka mzima hawapati.

Namba 1 nyingine itakuja, na staa ataposti, hakuna wa kumzuia. Ila DM ya dogo bado ipo pale pale, kaka, na sasa hivi shujaa wake kafika ukurasa wa 41.