Kazi Uliyoitaka na Kazi Uliyopewa

Aghalabu kijana anapoikosa kazi aliyoitamani na kuiandalia nafsi yake, wazee humwambia maneno mawili tu: "Vumilia," kisha, "Chukua utakachopewa." Maneno haya yana busara ndani yake, walakini twaona hayatoshi. Kuna kukosa kwa sababu mtu hawezi, na kuna kukosa kwa sababu mtu amenyimwa. Mzazi asiyeyatenga mambo haya mawili humdhulumu mwanawe bila ya kukusudia. Leo basi twapenda kueleza habari za mchezaji mmoja wa Marekani, Marlin Briscoe, ambaye maisha yake yanalibainisha jambo hili wazi wazi.

Mchezo wenyewe ni mpira wa Kimarekani, ambao mpira wake una umbo la yai, na huchezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu. Kila upande huwa na watu 11 uwanjani. Miongoni mwa wenye kushambulia yuko mmoja aitwaye kwotabeki. Huyu ndiye anayewatangazia wenziwe mpango, akatazama jinsi wapinzani walivyojipanga, kisha akamrushia mpira yule aliye katika nafasi nzuri. Kazi ya mdakaji ni nyingine. Yeye hukimbia njia aliyopangiwa, akamponyoka mlinzi, na kuudaka mpira huku akijua kwamba huenda akabwagwa chini papo hapo. Mmoja huamuru, na wa pili huamriwa.

Briscoe alizaliwa mwaka 1945, akakulia katika mji wa Omaha, na katika chuo kikuu cha mji huo alikuwa kwotabeki hodari. Zama zile watu weusi walikuwa wakichukuliwa katika timu za kulipwa, lakini nafasi ya kwotabeki walikuwa karibu wakinyimwa kabisa. Ilidaiwa kwamba nafasi hiyo yataka akili na uongozi, na wengi wa wenye timu hawakuamini kwamba mtu mweusi anavyo. Kwa hiyo kijana mweusi aliyeongoza timu ya chuo chake, alipofika kwa wanaolipwa, aghalabu alihamishwa akafanywa mlinzi au mdakaji. Ndivyo ilivyompata Briscoe. Mwaka 1968 timu ya Denver Broncos ilimchagua katika duru ya 14, nayo ilimtaka awe mlinzi.

Yeye hakuikataa kazi, wala hakuipokea kwa kunyamaza. Kabla ya kutia saini alitoa sharti moja tu: apewe siku 3 za kujaribiwa katika nafasi ya kwotabeki. Akapewa, kisha akawekwa katika ulinzi kama ilivyokusudiwa. Lakini kwotabeki wa timu alipoumia, na timu ikawa yaendelea kushindwa, wakubwa walimkumbuka yule kijana wa siku 3. Tarehe 6 Oktoba 1968 alianza mchezo katika nafasi hiyo, akawa mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo katika ligi ya AFL. Msimu ule alirusha pasi 14 zilizozaa mabao. Hapana mchezaji mgeni wa Broncos aliyeipita hesabu hiyo hadi mwaka 2024.

Mtu angedhani kwamba shauri limekwisha. La! Mwaka 1969 hakupewa hata fursa ya kuigombea nafasi ile. Akaomba aachiliwe, akaenda katika timu ya Buffalo Bills. Huko makwotabeki walikuwapo wa kutosha, basi akapewa kazi ya mdakaji, kazi ambayo hakuwa ameizoea kamwe.

Hapa tungependa msomaji asite kidogo. Kijana huyu alikuwa na umri wa miaka 23. Alikuwa ameonyesha kwa vitendo kwamba anaweza, na bado mlango umefungwa usoni pake. Lau angalirudi kwao kwa hasira, nani angalimlaumu? Yeye aliichukua kazi ile ngeni, akajifunza kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mwaka 1970, katika msimu wake wa pili wa kudaka, alidaka mipira 57 na kupata yadi 1,036, akachaguliwa katika mchezo wa wachezaji bora. Mwaka 1972 alihamia Miami Dolphins, na timu hiyo ikashinda michezo yake yote 17, pamoja na fainali. Msimu uliofuata ikatwaa tena ubingwa.

Walakini wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Kufaulu kwake katika kudaka hakuifanyi dhuluma ile kuwa haki. Wala sifa za uwanjani peke yake hazimlindi mtu. Baada ya kuacha mchezo, Briscoe aliingia katika janga la kokeini, akapoteza mali na makao, hata akafungwa gerezani. Akajitoa humo, akasimama tena, na baadaye akafanya kazi ya kuwalea vijana. Alifariki mwaka 2022. Kwetu sisi, kuinuka huku kwa pili hakupungui heshima mbele ya ule ushindi wa Miami.

Huenda msomaji akauliza: Je, kila anayeambiwa abadili kazi akubali? Hatusemi hivyo. Mwaka 2018 walikuwapo waliosema kwamba Lamar Jackson, kwotabeki wa chuo kikuu cha Louisville, angefaa zaidi kuwa mdakaji. Alikataa. Msimu wa 2019 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima, naye akiwa kwotabeki. Yeye alipata mahali palipokubali kumjaribu. Briscoe alipoondoka Denver hakupata.

Basi, ewe kijana, mlango ukifungwa jiulize kwanza: Je, nimepimwa? Ikiwa umepimwa kwa haki na umeshindwa, usipoteze miaka yako ukiugombeza mlango. Tafuta kazi nyingine mapema, uifanye kwa moyo wote. Ikiwa hukupimwa, omba siku zako 3, uziombe kwa adabu na bila ya woga. Na ukinyimwa hata hizo, kazi itakayopatikana ishike kwa mikono miwili, kwani riziki yako haingoji ugomvi uishe. Lakini usikubali kamwe kusema kwamba ulinyimwa kwa kuwa hukufaa.

Nanyi wazazi, mwanenu anaporudi nyumbani na barua ya kukataliwa, msiharakishe kumwambia kwamba alitaka makubwa. Muulizeni kwanza yaliyotokea, mkae naye mpaka amalize kusema. Kijana aliyesikilizwa nyumbani huweza kuanza upya mahali pasipo pake. Asiyesikilizwa huanza akiwa amekwisha kushindwa.