Acheni kupanda dau kwa hasira

Siku hizi matangazo ya mnada wa mtandaoni hayaishi kwenye simu zetu hapa Makorora: pikipiki, mashine za kusaga, friza, jenereta, pawatila, mizigo ya bandarini. Yanatembea pamoja na fundisho moja, kwamba mali ya mnada ni bei ya kutupa na ujanja wote ni kusubiri sekunde ya mwisho. Nalipinga waziwazi. Linachezea fedha za vikoba na za msimu mzima wa machungwa.

Kwanza jiulize mali imefikaje mnadani. Mzigo wa forodha unaweza kuwa mzima kabisa, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu mzigo ambao mwenyewe hakuutoa kwa muda uliowekwa upigwe mnada. Lakini trekta la taasisi lililoondolewa kwenye matumizi, mara nyingi limeondolewa kwa sababu matengenezo yamewachosha. Ukisoma "kama ilivyo, pale ilipo", elewa kwamba injini ikigoma hasara ni yako. Mnunuzi wa samaki pale Deep Sea hufunua mashavu akatazama wekundu kabla ya kutaja bei. Kwa nini mtu huyohuyo jioni ataje milioni mbili kwa picha ya pawatila iliyopigwa kwa mbali?

Kilele cha bei yako kipangwe nyumbani, kwa kalamu, kabla mnada haujafunguliwa. Tuchukue mfano. Pawatila iliyotumika, nzima, unaweza kuipata kwa fundi kwa shilingi 4,500,000. Hii ya mnadani iko Dar es Salaam. Matengenezo weka 900,000, kuisafirisha hadi Tanga 350,000, nauli na kulala kwa safari mbili 150,000. Jumla 1,400,000. Imebaki 3,100,000, na hapo bado hujapata faida hata senti, umefika tu pale alipo fundi. Kwa kuwa hujasikia injini ikinguruma, punguza tena, tuseme 400,000. Kilele chako ni 2,700,000. Uliza pia kama bei ni pamoja na kodi au bado, maana jibu hilo peke yake linaweza kubadilisha hesabu yote.

Kikifika kilele, zima simu. Najua hapa ndipo panapouma. Mtu akikupita kwa elfu hamsini unaona amekudharau, unaongeza, naye anaongeza, mwisho mnashindana ninyi wawili na pawatila imesahaulika. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta wa Marekani, Capen, Clapp na Campbell, walieleza kwa nini kampuni zilizoshinda zabuni za vitalu vya mafuta zilikuwa zikipata faida ndogo kuliko zilivyotarajia. Kila kampuni ilikisia thamani ya kitalu, na iliyoshinda mara nyingi ilikuwa ile iliyokisia kupita kiasi. Wenye elimu ya uchumi wanaiita laana ya mshindi. Kama walionasa walikuwa na wataalamu na mashine za kupimia, wewe mwenye picha moja ya simu ujihadhari zaidi.

Sasa hiyo sekunde ya mwisho. Inategemea mnada. Kuna mifumo, kama eBay, ambayo unaiandikia kilele chako nayo inakupandia kidogokidogo. Huko ukiandika kilele cha kweli, kukesha kunakuongezea kidogo sana. Kuna minada inayoongeza muda kila dau jipya likiingia mwishoni, na hapo ujanja wa kuchelewa umekufa. Kwa zabuni ya siri unalipa ulichoandika, kwa hiyo andika chini ya kilele. Panapofungwa kwa saa maalumu, kuchelewa kunaficha nia yako, hilo nakubali. Lakini kwa mtandao wetu huu, kifurushi kikakata au umeme ukazimika, nani atakungoja? Weka dau dakika kadhaa kabla.

Masharti mengi hutaka sehemu ya bei, mara nyingi robo, ilipwe papo hapo na iliyobaki ndani ya siku chache, la sivyo amana inapotea. Usipande dau kwa fedha unayotarajia kukopa. Na mali ya serikali hulipiwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Anayekutaka utume "ya kushikia gari" kwenye namba ya simu ya mtu ni tapeli, hata akiwa amevaa tai kwenye picha.

Nanyi wapiga minada, lawama yenu ipo. Picha isiyoonyesha namba ya injini, siku moja ya kukagua, tena mjini Dar es Salaam, halafu mnasema mnada uko wazi kwa wote? Mkulima wa Muheza atakaguaje? Wekeni picha za kutosha, siku za kukagua ziwe nyingi, na semeni wazi kilichoharibika.

Mwenye tangazo mkononi alilete ofisini kabla ya siku ya mnada, pamoja na bei ya fundi na ya msafirishaji. Tutakaa tupige hesabu ya kilele.