Mahindi yenye dawa yasilale chumbani

Julai, Wanging'ombe hufunga madirisha kwa baridi, na magunia ya mahindi mapya yapo ndani. Dumuzi na fukusi wakionekana, mzazi hununua vidonge vya fosfidi ya alumini na kuvitia guniani, kando ya kitanda cha watoto. Kidonge kikipata unyevu hutoa gesi ya fosfini. Inaua mdudu, inaua na mtu, wala hakuna dawa ya kuizimua mwilini.

Kufukiza ni kazi ya fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Muulize afisa ugani. Mifuko isiyopitisha hewa, ikifungwa vizuri, haihitaji sumu kabisa. Mtoto akitapika au kuhema kwa shida, mtoeni nje, kisha hospitali, usiku huohuo.