Shangazi, blada na paja lililosinyaa

Mashamba ya Kilungu, kule Makueni, ni ngazi tupu. Matuta yamechimbwa tangu bondeni hadi juu mlimani, na mwenye goti bovu hafiki hata kwenye maharagwe yake. Basi shangazi yangu alipoteleza tutani na mtungi wa maji wa lita 20 mgongoni, akavunjika mfupa chini ya goti, tulijua kazi ipo.

Plasta ilipoondolewa, paja lile lilikuwa limesinyaa, halifanani na mwenzake. Misuli isiyotumika hupungua upesi. Ili irudi, kwa kawaida yahitaji uzito wa kutosha, nao mfupa uliotoka kuunga hauwezi kubebeshwa uzito. Utafanyaje?

Binamu yangu, mwanafunzi wa chuo jijini Nairobi, alikuja na maarifa. Alimfunga mamake paja kwa blada, ule mpira wa kufungia mizigo kwenye baiskeli, akamtundikia pakiti ya unga ya kilo mbili mguuni. Inua, shusha, inua, shusha.

Usimcheke, msomaji. Jambo lenyewe lipo. Mjapani Yoshiaki Sato aliligundua mwaka wa 1966 akiwa amepiga magoti kwenye ibada ya Kibudha. Miguu ilikufa ganzi, naye akaona ndama za miguu zimejaa na kuuma kama za mtu aliyetoka kuinua vyuma. Alijifanyia majaribio miaka mingi, na alipoumia akiteleza kwenye theluji mwaka wa 1973, akajitibu kwa njia hiyo. Leo matabibu wa viungo huitumia nchi nyingi, hasa kwa waliopasuliwa goti.

Siri yake ni hii. Mkanda hufungwa juu kabisa ya paja au mkono. Damu huendelea kuingia kwa kiasi, lakini kutoka huwa taabu. Hewa safi yapungua ndani ya msuli na takataka za kazi zarundikana. Nyuzi za msuli zilizozoea kazi nyepesi huchoka mapema, na mwili walazimika kuziita zile zenye nguvu, ambazo kwa kawaida hungoja mzigo mzito. Msuli hudhani umebeba gunia, kumbe ni pakiti ya unga! Hivyo uzani wa asilimia 20 hadi 30 tu ya ule ambao mtu angeweza kuinua mara moja hutosha kuukuza. Kwa nguvu zenyewe, hata hivyo, vyuma vizito bado vinashinda.

Matabibu huagiza mara 30, kisha 15, 15 na 15, kwa mapumziko ya nusu dakika. Lakini mkanda wao ni mpana, hujazwa upepo kama ule wa kupimia presha, na hukazwa kwa kipimo cha mgonjwa mwenyewe, ili damu isizuiwe kabisa. Blada haina kipimo. Ni nyembamba, hukata nyama na kubana neva.

Siku ya tatu shangazi alisema mguu umekuwa baridi. Binamu yangu akatazama vidole, akaona rangi imebadilika. Fundo likakataa kufunguka, likakatwa kwa kisu cha jikoni.

Na si hilo tu. Alipofikishwa kwa tabibu ndipo ilipojulikana kwamba shangazi ana presha, na vidonge vyake huvificha ndani ya mkebe wa majani ya chai ili watoto wasihangaike. Mtu wa presha, mja mzito, aliyewahi kupata damu iliyoganda kwenye mishipa, au mwenye selimundu hafungwi mkanda kabla daktari hajamkagua.

"Kwa nini hukuniambia, mama?" binamu yangu aliuliza.

"Wewe uliniuliza?"

Tabibu hakumpa mkanda wowote. Alimwagiza kuketi na kuinuka kitini mara kumi, asubuhi na jioni, kisha kupanda matuta polepole na fimbo. Nilipomtembelea Jumapili iliyopita alikuwa amefika tuta la tano. Maharagwe yako la tisa.