Ibada Imekwisha, Mkutano Bado

Kila Septemba ubao wa matangazo katika parokia za Episkopali hujaa karatasi mpya. Parokia hii itabariki wanyama kwa sikukuu ya Mtakatifu Fransisko, 4 Oktoba. Ile ya mtaa wa pili inaalika majirani kwenye chakula cha pamoja, kila familia na sufuria yake. Kanisa kuu linatangaza sinodi ya dayosisi, ambayo katika dayosisi nyingi huangukia Oktoba au Novemba. Waumini wanaozungumza Kiswahili, ambao mara nyingi huanza ibada yao mchana wenyeji wakishatawanyika, huzipita karatasi hizo wakielekea kwenye magari. Tangazo ni la Kiingereza, mkutano ni wa Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya zamu.

Jarida hili linaomba karatasi hizo zisomwe, hasa ile ya sinodi.

Si kwamba Waswahili wa parokia hizi hawaalikwi. Askofu akitembelea, kwaya yao hutangulia kuitwa. Kwenye karamu ya parokia, sambusa na mandazi huisha kabla ya kahawa kuiva, na mama wa Kikongo aliyeleta sombe huombwa maelezo ya mapishi na nusu ya ukumbi. Mwaliko wa kuimba na kupika haujawahi kuwa haba. Ila mikutano inapofika kwenye bajeti, uchaguzi na mustakabali wa majengo, sufuria zimeshaoshwa na kwaya imekwenda nyumbani. Wanaobaki mezani ni walewale wa miaka yote, nao ndio wanaopiga kura.

Kura hiyo ina uzito kwa sababu ya namna kanisa lenyewe lilivyozaliwa. Baada ya Marekani kujitoa chini ya mfalme wa Uingereza, Waanglikana wake walibaki bila askofu hata mmoja. Samuel Seabury wa Connecticut alikwenda Uingereza kuwekwa wakfu akashindwa, kwa kuwa sheria ilimtaka askofu ale kiapo cha utii kwa mfalme. Akapanda hadi Scotland, na maaskofu wa huko wakamweka wakfu mjini Aberdeen, 14 Novemba 1784. Mwaka uliofuata, mapadri na walei wa majimbo kadhaa walikutana Philadelphia kuunda kanisa lao. Walei walikuwa mezani tangu mwanzo, na hadi leo Mkutano Mkuu, unaokaa kila baada ya miaka mitatu, una nyumba mbili: ya maaskofu, na ya wajumbe, ambamo kila dayosisi huweza kupeleka makasisi wanne na walei wanne. Wajumbe hao huchaguliwa na sinodi ya dayosisi, na sinodi hupata wawakilishi wake walei kutoka parokia. Ngazi ni fupi. Fundi wa magari kutoka Bukavu anayeishi Grand Rapids anaweza kuipanda yote, mradi aanzie kwenye mkutano wa parokia yake.

Kwa Mwanglikana wa Afrika Mashariki mambo haya si mageni. Tanzania na Kenya, zilizokuwa jimbo moja la kanisa tangu 1960 hadi zilipoachana mwaka 1970, zina sinodi zenye maaskofu, makasisi na walei. Wapo katika jumuiya hii watu waliokuwa wazee wa kanisa, makatibu wa parokia, viongozi wa umoja wa akina mama na wajumbe wa sinodi huko walikotoka. Wapo waliotunza makanisa ya Kianglikana ndani ya kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, mahali ambapo hata bati la kuezekea lilikuwa shughuli ya kamati. Uzoefu huo haukufutika uwanja wa ndege.

Habari za miaka ya karibuni zinaonyesha kwa nini haufai kukaa bure. Kanisa la Episkopali lilikuwa na waumini zaidi ya milioni 3 katikati ya miaka ya 1960; sasa wako takriban milioni 1.5. Parokia ndogo zinachangia kasisi mmoja, na dayosisi zinaungana. Mkutano Mkuu wa Louisville, Kentucky, wa Juni 2024 uliidhinisha Eau Claire, Fond du Lac na Milwaukee kuwa tena dayosisi moja ya Wisconsin, ilhali Fond du Lac ilikuwa imemegwa tangu 1874 na Eau Claire tangu 1928. Mkutano huohuo uliridhia Michigan ya Mashariki na ya Magharibi kuwa Dayosisi ya Maziwa Makuu, jina ambalo mtu wa Kigoma au Uvira analisoma mara mbili. Mwaka huohuo Central Pennsylvania na Bethlehem, zilizotengana mwaka 1904, zilipiga kura ya kurudiana.

Louisville, Grand Rapids na Lancaster ni miji ambayo Kiswahili husikika dukani na kwenye vituo vya basi. Dayosisi zinapoungana au parokia mbili jirani zinapoamua kuwa na kasisi mmoja, yapo maswali ya kujibiwa: jengo lipi libaki, lipi liuzwe, saa ya ibada ibadilishwe kwa nani, na kundi linalotumia ukumbi mchana lihesabiwe kuwa waumini au wapangaji. Anayejibu ni aliyehudhuria.

Askofu Mkuu Kiongozi aliyechaguliwa Louisville, Sean Rowe, ni mtu wa miji ya namna hiyo. Alikuwa askofu wa dayosisi ya Pennsylvania ya Kaskazini-Magharibi, yenye makao Erie, na kuanzia 2019 aliongoza pia dayosisi jirani ya New York ya Magharibi, yenye makao Buffalo, baada ya sinodi zote mbili kukubali kushirikiana. Erie na Buffalo zimepokea Wakongo wengi. Alishika wadhifa wake mpya Novemba 2024, na haikupita hata miezi saba akalazimika kutangaza jambo linalowagusa moja kwa moja wasomaji wa jarida hili.

Mnamo 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi. Mei, ilipolitaka shirika la kanisa la wakimbizi, Episcopal Migration Ministries, kuwahudumia Waafrikana weupe kutoka Afrika Kusini, Rowe alikataa. Alitaja msimamo wa kanisa juu ya haki baina ya watu wa rangi mbalimbali na uhusiano wake na Waanglikana wa Kusini mwa Afrika, akatangaza kwamba kazi ya makazi iliyogharimiwa na serikali ingefikia mwisho wake pamoja na mwaka wa fedha. Kwa karibu miaka 40 shirika hilo lilikuwa limewahudumia wakimbizi karibu 110,000, Wakongo wakiwamo. Familia zilizokwisha kufika bado zinahitaji mtu wa kuzisindikiza hospitali, kufundisha udereva, kusoma barua za shule. Sehemu ya kazi hiyo inabaki kwa parokia, na parokia hupanga kazi zake na za majirani zake katika mikutano ileile inayotangazwa ubaoni. Kupanga msaada wa Wakongo bila Mkongo ukumbini ni hasara kwa pande zote mbili.

Kabla ya kura, hata hivyo, kuna daftari. Kanuni za kanisa humwita mshiriki yule aliyepokea Ekaristi angalau mara tatu katika mwaka uliopita, na mshiriki aliyefikisha miaka 16 huhesabiwa mtu mzima. Zinakataza pia kumnyima yeyote nafasi sawa katika maisha, ibada na uongozi wa kanisa kwa sababu ya rangi, kabila au taifa lake la asili. Kikwazo hutokea pale jina linapokosa kuandikwa. Aliyetoka parokia ya Kianglikana ng'ambo anaweza kuhamisha uanachama wake kwa cheti. Aliyekimbia usiku bila karatasi amwone kasisi mapema, asingoje wiki ya uchaguzi. Kila parokia hupeleka taarifa ya mwaka kabla ya 1 Machi, ikieleza idadi ya waumini, wastani wa mahudhurio ya Jumapili, mapato na matumizi. Ibada ya Kiswahili isiyoandikwa kwenye kitabu cha ibada haiingii katika wastani huo, hata kama imejaza kanisa hadi mlangoni. Na dayosisi nyingi hugawa viti vya sinodi kwa kutazama ukubwa wa parokia, kwa hiyo kutoandikwa kwa Waswahili kunaipunguzia sauti parokia nzima, wenyeji wakiwamo.

Wapo watakaosema kwamba shida ni kubwa kuliko daftari. Kanisa la Tanzania lilitangaza mwaka 2006 kwamba ushirika wake na Kanisa la Episkopali umeharibika vibaya, kufuatia mzozo juu ya ndoa na kuwekwa wakfu kwa askofu aliyeishi waziwazi na mwenzi wa jinsia yake. Februari 2007 maaskofu wakuu wa Kianglikana walikutana Dar es Salaam, na saba kati yao hawakukubali kupokea Ekaristi pamoja na Katharine Jefferts Schori, aliyekuwa akiliongoza kanisa la Marekani. Hata hivyo walikaa naye katika vikao. Baadhi ya Waanglikana wa Afrika Mashariki walioko Marekani wamejiunga na kanisa lililoundwa mwaka 2009 na waliojitenga na Episkopali. Uchaguzi huo ni wao. Jarida hili linazungumza na waliobaki: mwenye hoja ngumu juu ya mafundisho ana sababu zaidi ya kuitoa kwenye kikao kuliko kuinong'ona kwenye maegesho.

Tena majirani wana mengi ya kupokea kwa mtu anayejua pande zote mbili. Dayosisi ya New York na ya Central Tanganyika, yenye makao Dodoma, zilianzisha mwaka 2006 mpango uitwao Carpenter's Kids, uliowapatia watoto yatima sare, viatu, vifaa vya shule na kifungua kinywa. Ushirikiano kama huo hutafuta watu wanaoweza kusoma barua kutoka kijijini na kuieleza kamati bila kupoteza maana. Akina mama nao wana mlango wao: United Thank Offering, ulioanza 1889, hukusanya sarafu za shukrani katika visanduku vidogo vya bluu na kuzitoa zote kama ruzuku. Aliyewahi kuendesha mfuko wa umoja wa akina mama atauelewa mpango huo kabla ya kumaliza kikombe cha kwanza cha chai.

Kalenda ya miezi ijayo basi isomwe hivi. Mapema Oktoba ni mbwa na paka mbele ya altare. Mgogo aliyezoea kuona mbuzi akinadiwa nje ya kanisa baada ya baraka ataona ajabu mnyama kubarikiwa kisha akarudishwa nyumbani, lakini watoto wataipenda siku hiyo kuliko zote. 1 Novemba, Watakatifu Wote, ni miongoni mwa siku zinazopendekezwa kwa ubatizo, na majirani hupenda kuunganisha ibada. Sinodi za dayosisi huwa kati ya sikukuu hizo au muda mfupi baadaye. Mwenye zamu aombe ruhusa kazini sasa. Januari huja mkutano wa mwaka wa parokia, ambapo bajeti husomwa na baraza la parokia huchaguliwa katika parokia nyingi. Huo usikoswe.

Februari ni mwezi wa kumbukumbu zinazowahusu Waafrika wa pande zote za bahari. Tarehe 13 anakumbukwa Absalom Jones, aliyezaliwa utumwani Delaware, akaanzisha Kanisa la Kiafrika la Mtakatifu Thomas huko Philadelphia mwaka 1792, na kuwa kasisi wa kwanza mweusi wa Episkopali. Dayosisi nyingi humfanyia ibada ya pamoja. Siku chache baadaye kuna kumbukumbu ya Janani Luwum, askofu mkuu wa Uganda aliyeuawa chini ya utawala wa Idi Amin, 16 Februari 1977. Hakuna sababu ya kumbukumbu hizi mbili kufanywa na watu tofauti katika majengo mawili yanayotazamana; kwaya ya Kiswahili inaweza kupendekeza ibada moja, na kuipendekeza kwa maandishi kabla ya Krismasi. Mkesha wa Jumatano ya Majivu, kumbi nyingi hutoa chakula cha chapati za maji. Akina mama wa mwambao wanajua la kufanya.

Mwaka 2027 Mkutano Mkuu utakaa Phoenix, Arizona, mji mwingine wenye Wakongo wengi, na wajumbe wake ni matunda ya sinodi zinazoutangulia.

Wenyeji nao wana sehemu yao. Agenda ya sinodi hutoka mapema. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza maazimio makuu na bajeti hauhitaji fedha nyingi, na watafsiri wamo ndani ya parokia zenyewe. Mtafsiri akae ubavuni mwa wajumbe wanaomhitaji, mwenyekiti asubiri sentensi imalizike. Watoto wapate chumba na mtu wa kuwaangalia, maana mama anayebembeleza mtoto ukumbini hawezi kufuata hesabu. Pale ambapo kundi la Kiswahili limesali miaka kadhaa bila mtu wake hata mmoja katika baraza la parokia, baraza lijiulize, na kundi lijiulize vilevile ni nani limempendekeza.

Makatibu wa vikundi vya Kiswahili wanaombwa kuiletea ofisi ya jarida tarehe za sinodi na za mikutano ya mwaka ya parokia zao kabla ya mwisho wa Septemba, pamoja na idadi ya watu wanaohitaji usafiri. Toleo la Oktoba litazichapisha kwa mpangilio wa miji, zikiwa na saa ya kuanza na jina la ukumbi, ili wanaoishi barabara moja wapange magari.