Gumba Halifiki Kwenye Figo

Kuanzia Oktoba, msimu wa korosho ukipamba moto, anayeokota Nachingwea au Ruangwa, mkoani Lindi, huinama kutwa chini ya mikorosho, na jioni anatafuta mtu wa kumchua mgongo. Hilo silipingi. Nayapinga madai yanayobandikwa juu yake.

La kwanza, eti kuchua hutoa sumu mwilini. Kazi hiyo ni ya ini na figo. Hata ile asidi inayosingiziwa kuumiza misuli baada ya kazi ngumu, mwili huiondoa wenyewe kwa muda wa saa moja hivi, mchuaji hajapata hata mafuta.

La pili, kwamba unyayo una sehemu ya kila kiungo: bonyeza hapa, figo zipone. Ramani hiyo huuzwa kama siri ya kale ya Wachina, lakini inayotumika leo ina mkono mkubwa wa Wamarekani: Dk. William Fitzgerald aliyeandika kuhusu kanda za mwili mwaka 1917, na Eunice Ingham aliyezihamishia nyayoni miaka ya 1930. Nyayo zikikandwa mtu hustarehe. Figo hazina habari.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi: kwamba asiyepiga kelele hajachuliwa. Maumivu makali huifanya misuli ijikaze, yaani kinyume cha kilichotakiwa. Mtu alale kifudifudi. Weka gumba moja kila upande wa uti wa mgongo, juu ya misuli, kamwe si juu ya mfupa. Egemea gumba la kulia polepole, hesabu hadi tano, kisha liachie huku la kushoto likipokea zamu. Shuka kidogo, rudia, mpaka kiunoni. Kupokezana huko kunampumzisha hata mchuaji, na anayechuliwa aweze kuongea bila kukunja uso. Faida yake ni misuli kulegea, maumivu kupungua kwa muda na usingizi kuja. Ila mgongo unaoambatana na ganzi miguuni au mkojo usiozuilika ni wa hospitali, siku hiyohiyo.

La nne: mguu uliovimba uchuliwe mpaka ulale. Mkoa wa Lindi unayajua matende. Hayo huletwa na minyoo wanaoenezwa na mbu, na gumba haliui minyoo. Dawa zinazogawiwa kwa jamii, albendazole na ivermectin, ndizo zinazowapunguza. Uvimbe wa ghafla wa mguu mmoja, wenye joto na maumivu, ni hatari zaidi: huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kuuchua kunaweza kulisukuma donge hadi kwenye mapafu.

Mwisho ni tumbo la mjamzito, linalokandwa ili mtoto “akae sawa”. Kondo linaweza kubanduka. Madaktari wanaomgeuza mtoto hufanya hivyo mimba ikiwa na wiki 36 au zaidi, hospitalini, chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Nyumbani, mama huyo alale kwa ubavu akandwe mabega na kiuno, polepole.