Shabaha Isiyo na Roho

Familia zetu nyingi za pwani zina jamaa Kitui na Makueni, na likizo ikifika watoto hupelekwa huko kwa bibi zao. Huko hukuta uta ungali na heshima yake. Wakamba walisifika kwa ulengaji tangu zama ambazo misafara yao ilikuwa ikileta pembe za ndovu Mombasa. Hata neno lenyewe, uta, Kikamba na Kiswahili zinashirikiana. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Windo likaondoka, uta ukabaki, na mtoto aliyeshika uta hulenga kilicho karibu: kuku, mjusi, ndege juu ya mgunga.

Mchezo wenyewe ni mwema. Mtume (S.A.W.) aliwahimiza watu wa Banu Aslam walipokuwa wakishindana kulenga, akawakumbusha kuwa baba yao Ismail alikuwa mlenga mishale. Lakini imepokewa vilevile katika Sahihi ya Muslim kwamba Ibn Umar (R.A.) aliwapitia vijana wa Kikureshi waliomsimamisha ndege wakimlenga, na kila mshale uliokosa ukawa mali ya mwenye ndege. Walipomwona wakatawanyika. Naye akawaeleza kuwa Mtume amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Basi kwa maoni yetu, mtoto asipewe uta kabla hajapewa cha kulenga, na hicho mama aweza kukitengeneza kwa siku moja.

Chukua gunia zima lisilotoboka. Omba kwa fundi cherehani, awe wa Mwingi, Wote au Kibwezi, vipande vya nguo anavyovitupa. Ondoa vifungo, zipu na kila chuma. Mchanga na mawe visiingie kabisa, kwani huvunja mshale au huurudisha kwa aliyeurusha. Tia vitambaa kidogo kidogo huku ukishindilia kwa mchi, pembe za chini kwanza, mpaka ngumi yako ikigonga isizame. Shona mdomo kwa shazia na uzi wa katani, ambao Makueni haukosekani. Chora duara kwa mkaa au chokaa; sura ya mtu au mnyama ya nini?

Gunia liegemezwe kwenye kichuguu kikubwa au ukingo wa udongo, mbali na njia ya wachota maji. Hatua kumi zatosha kwa anayeanza. Watoto wote, wa kike na wa kiume, wasimame mstari mmoja, na asiende mtu kuchomoa mishale mpaka kila uta uwe chini. Anayechomoa abonyeze gunia kwa mkono mmoja, avute kwa kunyoosha, na pasiwe na mtu nyuma yake, maana mkia wa mshale hutoboa jicho sawa na ncha.

Mishale iwe ya vigumba butu visivyo na miiba. Hapa tunasisitiza, akina mama: mshale wa babu uliochomekwa darini usiguswe. Wazee walipaka vigumba sumu ya ivai, ambayo husimamisha moyo, na umri wa mshale si dhamana kuwa sumu imekwisha.

Adui wa gunia ni mvua na mchwa, na katika nchi hiyo mchwa ndiye mkubwa zaidi. Jioni lirudishwe ndani, lilazwe juu ya mawe, si juu ya udongo. Kila baada ya siku chache ligeuzwe, kwani watoto hupiga pale pale katikati na vitambaa hukimbilia pembeni. Mshale ukianza kutokeza upande wa pili, mchezo usimame siku hiyo. Fumua mdomo, rudisha vitambaa katikati, ongeza vingine, shindilia upya. Gunia likichakaa, livishwe jingine juu yake bila kulifumua. La pili hudumu zaidi kuliko la kwanza.